Mguu Wako wa Kushoto

Mwenda, ndugu yangu,

Mama yuko salama. Viazi vimetoka vingi msimu huu, na bado anakupakulia, halafu anaitazama ile sahani na kuifunika. Lakini si hayo yaliyonifanya nikuandikie.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikubandika vibandiko vyenye nyaya mapajani na kwenye mashavu ya miguu, pale maabara ya chuo, unapiga pedali huku mimi nikiangalia kwenye kompyuta mistari inayoonyesha msuli gani unafanya kazi na upi unapumzika? Ulikuwa ukiniambia, "Kananu, leo miguu inasema nini?" Mguu wa kushoto ulikuwa na tabia yake. Katikati ya mwendo mstari wake ulilala ghafla, kimya kabisa, kisha ukarudi. Nimewapima na kuwalinganisha waendeshaji wengi, wa Meru na wa Embu. Hakuna mwingine aliyekuwa hivyo. Daktari alikuangalia asione kitu. Halafu ukateremka ile kona ya Kibirichia, na waliokuwa nyuma yako wakasema mguu huo ulichomoka kwenye pedali bila sababu.

Baada ya mazishi Mama aliipa timu baiskeli yako. Akapewa Njeru, kijana wa Siakago ambaye hamkuwahi kuonana naye. Alipokuja kupimwa mara ya kwanza mistari yake ilikuwa ya kawaida. Aliporudi, akiwa ameshaizoea baiskeli yako, ule wa kushoto ukalala. Mwenda, nilibadilisha vibandiko. Nikabadilisha nyaya. Nikampandisha baiskeli nyingine, mstari ukalala vilevile. Mwishowe nikauweka mstari wako juu ya wake, na sikuweza kuitofautisha.

Nilimuuliza kama mguu unamuuma. Akasema, "Hapana, Madam. Ila kuna wakati ni kama si mimi ninayekanyaga."

Mashindano yalikuwa yamekaribia, na njia ilipita kona ileile. Nikamwomba asishiriki. Alikasirika, maana alikuwa amejiandaa mwaka mzima, akaniuliza atamwambia nini kocha. Nikamweleza tu habari zako. Akavua kofia yake ya baiskeli akaiweka mezani.

Siku yenyewe tulisimama naye kando ya kona, asubuhi, ukungu bado uko mashambani. Wenzake wakapita kwa kasi. Wa mwisho alipopotea, mguu wa kushoto wa Njeru ukalegea, akakaa kwenye nyasi. Barabara ilikuwa tupu. Lakini nilisikia mnyororo wa baiskeli ukipita mbele yetu, ukiteremka taratibu, mpaka ukaishia huko chini. Nilidhani ni mimi peke yangu. Njeru akauliza kwa sauti ndogo, "Madam, huyo aliyebaki nyuma ni nani?"

Tangu hapo mistari yake ni yake. Baiskeli yako Mama ameirudisha nyumbani, na Njeru amepata nyingine.

Sijui kama ulikuwa unamwonya, au kama ulikuwa hujajua kwamba safari imekwisha. Kama ulimwonya, amesikia. Kama ulikuwa umepotea, basi ndugu yangu, umeshafika chini.

Nakuahidi nitaendelea kuwapima, na siku nikiuona mstari umelala tena, sitangoja mtu aniambie hakuna kitu. Mama nitamtunza.

Kwaheri, Mwenda. Pumzisha miguu.

Dada yako,
Kananu