Akija Atukute Kondeni

Magu, ufukweni
12 Desemba 2023

Kwako wifi yangu Selina,

Mwangaluka, wifi. Za huko juu ya mawe? Huku sisi wazima. Kaka yako Nestory kifua kimempoa, na binti yako Precious amefunga shule, anakula ugali kama mtu aliyelima. Kila siku ananiuliza habari zako. Namwambia mama yako amepanda mlimani kumngoja Bwana, akishuka atakuletea zawadi. Hacheki.

Nakuandikia barua kama enzi za mabibi, kwa sababu Mtumishi wenu Chenge amewakataza simu, eti zina namba ya mnyama. Haya, tumekubali. Mleta barua ni Abdillah muuza dagaa, anayevuka kwa kivuko cha Kigongo kila wiki kwenda kuuza Sengerema. Amesema yeye Mwislamu, lakini atapanda hadi huko kwenu Busisi, mradi asiombewe kwa nguvu.

Ziwa limepanda, wifi, hukusema uongo. Limefika mlangoni mwa kanisa. Jumapili mchungaji Paulo alihubiri sisi tumevua viatu, na dagaa mmoja akapita chini ya benchi la wazee. Labda ni dalili, mimi sikatai. Lakini mbegu yangu ya mpunga iko kitaluni, imefika kimo cha kiganja, kijani mpaka unatamani kuitafuna. Hakuna mwenye miche kama yangu ufukwe huu wote, na nasema hivyo bila haya.

Wewe umeondoka hujamwaga hata punje. Jaruba lako la mpunga la juu, lililo bora kuliko yote hapa, limekaa tupu kama uso wa mtu aliyenuna. Mwezi wa kwanza kikundi chetu cha akina mama kinaanza kupandikiza. Rudi kabla ya hapo. Msimu huu ukikupita, siku ukishuka utakula kwa nani? Nakujua. Wewe chakula cha mtu hakikupiti kooni. Utabaki huko huko kwa kuona aibu kurudi, na hilo ndilo ninaloliogopa, si maji.

Ni mimi wifi yako,
Ng'washi


Busisi, mlimani
28 Desemba 2023

Wifi Ng'washi,

Bwana asifiwe sana. Nimefurahi kusikia kifua cha kaka kimepoa. Mimi ni mzima wa mwili na roho. Tuko watu wengi, tunaimba asubuhi na jioni, na sauti ya kwanza naongoza mimi, kama ulivyotarajia.

Utani wako nimeusoma. Sasa nisome na mimi. Corona ilikuja, tukasema itapita. Nzige wakaja, tukasema watapita. Mwezi huu mlima Hanang umeteremka na matope juu ya watu waliokuwa wamelala, na ziwa limeingia kanisani kwenu kama muumini. Unataka Mungu apige hodi mara ngapi? Mtumishi amesema Bwana anakuja kabla masika hayajaisha. Amesema pia kwamba anayepanda mbegu sasa amemkana, maana anaonyesha kwamba anategemea kuvuna.

Kwa hiyo jaruba langu liache. Usilipande, usilipalilie, usilikanyage. Mimi si mtu wa kurudi nyuma, hilo unalijua tangu siku uliyoletwa kwetu kama bibi harusi, ukanikuta nimekaa kwenye kigoda chako na nikakataa kuondoka.

Mwambie Precious nampenda. Mwambie asichezee maji.

Wifi yako,
Selina


Magu, ufukweni
20 Januari 2024

Wifi yangu mkaidi,

Pole na baridi ya mawe. Precious amerudi shuleni, ametoka na sare niliyoipiga pasi mwenyewe hadi ikang'aa. Nestory anakusalimu. Anasema dada yake tangu utotoni akipanda juu ya kitu hashuki mpaka mtu alete ngazi.

Kuhusu Hanang, tulilia hapa. Mchungaji Paulo alikusanya nguo na maharage ya kupeleka kule, na mimi nikatoa kitenge changu cha Pasaka, kile chenye tausi. Hatukuuliza dhambi zao. Bwana Yesu mwenyewe aliulizwa habari za watu walioangukiwa na mnara, wale waliokufa, kama walikuwa wabaya kuliko wengine. Alisema hapana. Mtumishi wenu hilo amelirukia wapi?

Tena sikiliza hili, maana nililiwaza wakati napepeta mchele hadi ungo ukanidondoka. Alisema siku hiyo wanawake wawili watakuwa wanasaga, mmoja atachukuliwa, mmoja ataachwa. Na wawili watakuwa shambani, vivyo hivyo. Wifi, hata yule aliyechukuliwa alikutwa anasaga! Alikuwa na unga mikononi! Hakukutwa amekaa juu ya jiwe anamngoja Bwana kama mtu anayengoja gari la Mwanza. Mimi akija atanikuta na matope mpaka magotini, na sitaomba hata dakika ya kunawa.

Basi nimelipanda jaruba lako. Usinishukuru.

Alhamisi tulikuja akina mama wote wa kikundi, tukajipanga mstari mmoja, tukaanza kupandikiza toka kwenye tuta la juu. Tuliimba ule wimbo wetu wa Krismasi. Ilipofika sehemu yako kila mmoja akamngoja mwenzake aichukue, hakuna aliyethubutu, tukabaki tumeinama na miche mikononi. Baadaye nikaichukua mimi. Hellen akasema heri kunyamaza kuliko hivyo. Tukacheka mpaka mistari ikapinda, utaiona ukija.

Nimepanda tu. Kukata ni juu yako. Unakumbuka mama yetu alivyotuachia: konzi ya kwanza ya mpunga hukatwa na mkono wa mwenye jaruba, na kabla yake hakuna anayegusa suke. Mimi niliolewa katika nyumba hii, sitakuwa wa kwanza kuvunja desturi yake.

Wifi yako unayemkasirikia sasa hivi,
Ng'washi


Busisi, mlimani
11 Februari 2024

Ng'washi,

Bwana asifiwe. Natumaini mmeamka salama wote.

Nani alikutuma? Nilikukataza kwa maandishi. Na yule Abdillah wako amekuja tukiwa kwenye ibada, akatangaza kwa sauti ya mnadani, "Mama Precious, mpunga wako umeshika!" Mtumishi akanitazama. Ndugu wote wakanitazama. Nimelazimishwa kufunga na kutubu kwa ajili ya mpunga nisioupanda! Ungekuwa karibu ningekufinya.

Lakini nikuambie jambo ambalo hata Mtumishi sijamwambia. Unadhani nimekimbia maji. Mimi siyaogopi. Ziwa lilipoanza kupanda, nyote mlipokuwa mnahamisha kuku, mimi nilikuwa nafurahi kimya kimya. Mwaka juzi mume wangu Shigela alipakia mchele kwenda Ukerewe, dhoruba ikapiga, mtumbwi ukarudi bila yeye. Tulikaa matanga bila kaburi. Wewe ulinishika mikono nisijirushe. Na imeandikwa kwamba siku ile bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake. Nikajiambia ziwa nalo halitaachwa nyuma.

Kwa hiyo niko huku. Ndugu wenzangu asubuhi wanatazama mawingu, mimi natazama maji. Mtu wa namna hiyo unamwambia nini habari za mpunga? Niache, wifi. Nakuomba kwa heshima, na unajua mimi kuomba si kawaida yangu.

Selina


Magu, ufukweni
7 Aprili 2024

Wifi yangu Selina,

Salamu za Pasaka, ingawa zimechelewa. Tumeila kwenye darasa la shule ya msingi, maana kanisani sasa wanaabudu kambale. Precious ameimba peke yake mbele ya watu. Sauti ni yako, kiburi cha kusimama ni chako, hata ile shingo ndefu ni yako. Nilijivuna kama vile nimemzaa mimi.

Barua yako imekaa chini ya mto wangu tangu Februari. Nilianza jibu nikalichana, nikaanza tena nikalichana, na kwangu mimi hiyo ni homa, muulize Nestory. Niliisoma nikalia, nikajilaumu kwamba nilikuwa nakutania wewe unayengoja wawili, Bwana wako na mume wako. Nisamehe kwa utani. Kwa mpunga sikuombi msamaha.

Nimewaza, wifi, na nimefika hapa. Nami naamini atafufuka. Shigela alikuwa mwema, na tonge lake la mwisho alimpa mbwa wa jirani. Lakini ulimjua kuliko mimi. Akirudi toka safari, hata kama mvua inanyesha, alikuwa anaanzia wapi? Jarubani! Alilichimba kwa mikono yake, tuta kwa tuta, na lazima kwanza atazame maji yake yamekaaje, ndipo aje kukusalimu. Ulikuwa unalalamika kwamba wewe ni mke wa pili, mke mkubwa ni jaruba.

Sasa niambie, siku atakapotoka ziwani maji yakimchuruzika, ataenda wapi? Kwenye jiwe la Busisi ambalo hajawahi kulikanyaga? Atakuja kwake. Atanikuta mimi nafukuza ndege kwa debe, ataniuliza, "Shemeji, mwenyewe yuko wapi?" Nimjibu nini? Nimwambie amehama?

Mpunga umeanza kutoa masuke. Mzito, wifi. Watu wanatoka mpaka Kisesa kuja kuutazama, na nawaambia ni wa wifi yangu, amesafiri kidogo. Jaruba langu la chini usiulize, vyura wana kelele sana mwaka huu.

Ni mimi,
Wifi yako Ng'washi


Magu, ufukweni
14 Mei 2024

Wifi,

Kimya chako kimenifikia. Abdillah anasema u mzima, umekonda, na barua ulizipokea ukazitia kifuani. Sisi hatujambo. Nestory anakohoa kidogo.

Masika yanaisha. Sikucheki. Nilicheka mara moja tu, peke yangu, nikatubu papo hapo. Mtu akimpenda Bwana mpaka akakosea siku, kosa hilo ni afadhali kuliko ya kwangu mengi.

Mpunga umeiva. Umelala upande mmoja kwa uzito, rangi yake ile ya chai ya maziwa. Ndege kwelea kwelea wamejua kabla ya watu. Mimi na Nestory tunapokezana debe toka alfajiri, mikono imeota sugu, sauti imenikauka. Hellen na wenzake wamekuja na miundu yao, wakasema tukate, Selina ataelewa. Nikasimama kwenye tuta nikawaambia atakayegusa suke moja anikate mimi kwanza. Konzi ya kwanza ni ya mwenye jaruba. Kama utaanguka wote chini, na uanguke, lakini hautaanguka kwa mkono wangu.

Ndege hawangoji ufufuo, wifi. Wamebaki na wiki mbili, kisha watakuwa wamemaliza.

Nakungoja wewe, na sijawahi kumngoja mtu namna hii,
Ng'washi


Busisi, mlimani
23 Mei 2024

Wifi yangu Ng'washi,

Bwana asifiwe. Mimi mzima, na wewe ni mwongo mkubwa.

Nilimuuliza Abdillah jaruba lako la chini limetoa magunia mangapi. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akakaa chini na kunieleza yote. Ziwa limelichukua tangu Machi, na miche yako bora ulikuwa umeileta kwangu. Mnakula mihogo, wewe na kaka yangu na mwanangu, huku mpunga umesimama umeiva mbele ya mlango wenu. Na hujakata hata suke! Ungeniandikia neno moja tu, "tuna njaa", ningekuja nikikimbia. Ukaniandikia habari za vyura. Kiburi gani hicho, wifi? Nimekasirika siku nzima. Jioni nikakitambua kiburi chenyewe, ni kile kile changu, nikacheka peke yangu mpaka watu wakadhani nimejazwa Roho.

Wengi hapa wameshuka, wanaondoka kwa kunyatia, mmoja mmoja. Mimi sikupanda kwa kunyatia na sitashuka hivyo. Jumapili baada ya ibada nitasimama mbele ya Mtumishi Chenge na ndugu wote waliobaki, nitawaambia bado naamini anakuja, leo hata kesho. Imani yangu siiachi hapa, naondoka nayo. Ila akija anikute kondeni, mahali ambapo Shigela anajua njia ya kufika. Nikimaliza kusema nitawaimbia ule wimbo wetu, sehemu yangu yote, ndipo nishuke mchana kweupe.

Jumatatu navuka Kigongo na Abdillah. Usinipokee kwa vigelegele, nitageuka nirudi, haki ya Mungu. Mwambie Precious asiende shule siku hiyo, aje jarubani, aone mama yake anavyoshika mundu. Ndege wafukuzeni kwa siku hizo tatu tu.

Ninolee mundu wa Shigela, ule wa mpini wa mpera, usinipe mwingine. Konzi ya kwanza nitakata mimi. Ya pili utakata wewe, na inapikwa kwako, siku hiyo hiyo, na usinibishie.

Wifi yako,
Selina