Wanne Kati ya Mia

4 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi hatujambo, na Mama anakusalimu, ingawa anasema umekuwa adimu.

Matokeo yametoka. Nimekuwa wa kwanza shuleni na wa tatu nchi nzima. Mwalimu mkuu amenichagulia vyuo saba vya nje, vile ambavyo watu wakivitaja hushusha sauti. Kimojawapo ni hicho chako. Mama anasema kazi yako ni kukaa ofisi ya udahili na kusoma faili za waombaji, kwa hiyo sikuona haja ya kumuuliza mwingine. Nina nafasi gani? Insha yangu na barua ya mwalimu nimeziambatanisha. Nijibu kama msomaji, usinijibu kama ndugu.

Mpwa wako

21 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kukaa sana. Dada mwambie salamu zimefika, nami namrudishia.

Umetaka msomaji, haya. Kati ya waombaji mia tunachukua wanne. Kwa wanaotoka mbali na kutaka kusomeshwa bure, kama wewe, tunachukua wawili. Waliobaki usidhani ni vilaza. Msimu uliopita nilisoma faili kumi na moja za watu waliokuwa wa kwanza katika nchi zao. Wewe ni wa tatu.

Insha yako niliisoma nimesimama, sikuona sababu ya kuketi. "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwasaidia wanyonge." Sentensi hiyo naijua kuliko namba yangu ya simu. Wanyonge gani? Umewahi kukutana na hata mmoja? Na huyo mwalimu wenu ametaja nidhamu yako mara tano, kana kwamba anauza punda.

Alama zako zinakufikisha mlangoni, na mlangoni kumejaa. Kwa hali ilivyo huna nafasi. Andika jambo unalolifanya kweli, ambalo mwingine hawezi kuliandika. Kama halipo, usipoteze karatasi.

Mjomba wako

11 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Nilikwambia hatujambo. Si kweli, na nitakueleza.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoanza kuandika kilikuwa tusi. Mtu anayesoma maisha ya wenzake amesimama, halafu anajisifia, anahitaji kupumzishwa kazi. Miaka tisa hujakanyaga hapa, na dada yako unamjua kwa sauti ya simu tu. Umeniuliza kama nimewahi kukutana na mnyonge. Wewe je?

Ninalolifanya kweli ni hili. Mama haoni vizuri. Ana mtoto wa jicho. La kushoto limeingia ukungu tangu mwaka juzi, la kulia linafuata. Anaogopa upasuaji, na kuwaambia wakubwa wake anaogopa zaidi, maana mtaalamu wa maabara asiyeona atafanya nini maabara? Mwaka juzi alisoma slaidi ya damu ya mtoto wa miaka miwili akaandika hana malaria. Kesho yake mtoto akarudishwa hospitali na degedege. Alipona, lakini Mama hakula siku mbili.

Tangu hapo, kwanza nikitoka shule na sasa nikitoka nyumbani, napitia mlango wa nyuma wa maabara. Zamu yake ni ya jioni. Yeye anachukua damu na kutia rangi, mimi nakaa kwenye hadubini kuhesabu vimelea. Nikimtajia idadi, anaandika na kuweka sahihi yake. Hakuna anayejua.

Nimeyaandika hayo kwenye insha ya pili. Sijaituma popote. Hii uisome umeketi.

Mpwa wako

25 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi sijambo.

Nimeketi, na nimeisoma mara tatu. Pale unapoeleza kimelea kinavyofanana na pete ndogo yenye kito kimoja, na wewe unarudia kuhesabu kwa sababu mama wa mgonjwa anasubiri kwenye benchi nje, nilisahau kwamba niko kazini. Miaka yote hii sijasoma kitu kama hicho. Alama zako na insha hii, nakupa nafasi moja kati ya tano. Sijawahi kumpa mtu hesabu hiyo.

Itume. Jina la hospitali halimo, na wakubwa wa huku hawana habari na mji wenu.

Kuhusu macho ya dada, kwa nini sikuambiwa?

Mjomba wako

9 Desemba

Mjomba,

Shikamoo. Salamu nyingine tuziache.

Dada yako umemkumbuka mwishoni, kwa sentensi moja, baada ya hesabu zako. Ulitaka uambiwe ili ufanye nini? Na unasema jina la hospitali halimo, kana kwamba mimi sina mama anayejulikana. Insha lazima aisome mwalimu mkuu na aigonge muhuri, na mke wake ni muuguzi wa wodi ya watoto hospitalini hapohapo. Miaka yote unasoma maombi, hili hukulifikiria?

Nilikuwa nimeamua kutuma ile ya wanyonge. Ndipo ukampigia Mama simu kumuuliza macho yake yanaendeleaje. Nilikuandikia siri, wewe ukaipigia simu.

Alipokata simu akaniambia, "Nisomee hiyo uliyomwandikia mjomba wako." Nikamsomea yote. Akauliza, "Yule mtoto, umeandika kwamba alipona?"

"Nimeandika."

"Vizuri. Maana alipona."

Asubuhi akavaa koti lake jeupe, akaenda mwenyewe kwa mganga mkuu na kumweleza kila kitu. Nilikuwa nje ya mlango. Sikusikia sauti yake ikipanda wala kutetemeka. Wakamsimamisha kazi, wakazitoa kabatini slaidi zote za zamu yake, mia nne na kumi, wakazisoma upya. Tangu nianze kukaa pale walikuta makosa mawili. Wakaona walinganishe na za mwenzake wa asubuhi, mwenye macho mazima na shahada ukutani. Yeye alikuwa na tisa. Hilo hawakulibandika kwenye ubao wa matangazo.

Hata hivyo maabara wamemtoa. Yuko mapokezi, anagawa namba kwa wagonjwa. Akaniambia, "Sasa hakuna cha kuficha. Tuma." Nimeituma kwenye vyuo vyote saba.

Mpwa wako

28 Machi

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima, na dada pia.

Majibu yote saba unayo, siwezi kukuongezea. Ila la kwetu nitakueleza, kwa sababu nadhani ni haki yako kujua.

Ndugu wa mwombaji haruhusiwi kukaa kikaoni. Nikatoka nikasimama kwenye korido. Mlango ulifunguliwa baada ya dakika nne. Mwenzangu aliyekuwa ndani akanisimulia. Mmoja alisema hiyo ni insha bora ya mwaka. Wa pili akasema ni bora kupita kiasi, lazima imeandikwa na mtu mzima. Wa tatu akauliza kama chuo hakitaaibika kumpokea mtu aliyesoma slaidi bila cheti. Wakaagiza kahawa, wakaingia kwenye faili linalofuata.

Nafasi imekwenda kwa kijana aliyepanda milima mitatu na kuandika jinsi milima ilivyomfunza unyenyekevu. Faili lake nililisoma mimi, na nilimpa alama ya juu.

Nilikupa moja kati ya tano. Sikujua ninachosema, na sijui kama nimewahi kujua. Hao niliokuwa nawadharau kwa sentensi zao walikuwa wanaandika tunachokipenda.

Nisamehe.

Mjomba wako

2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, mimi mzima.

Vyote saba vimenikataa. Nililia siku moja, kisha nikachoka. Nimeanza chuo cha hapahapa mjini, kozi ya maabara. Sikuulizwa ndoto zangu. Waliangalia alama, wakanipa fomu na namba ya darasa. Mganga mkuu amesema likizo niende hospitali kujifunza, niingie kwa mlango wa mbele, na msimamizi awepo. Hajawahi kusema samahani, ila kiti kile ameniwekea.

Jicho la kushoto la Mama limepasuliwa. Alipofunguliwa bandeji alinitazama muda mrefu, akasema nimekonda. La kulia ni tarehe 14 Juni. Siku hiyo nina mtihani, na anahitaji mtu wa kumpeleka na kumrudisha. Usiniandikie sababu. Njoo, au usije.

Mpwa wako

14 Juni, asubuhi

Mjomba,

Sikutaka kukuamsha. Chai iko kwenye chupa, mkate juu ya friji. Mama hatakiwi kula mpaka atoke.

Mshike mkono wa kulia. Ngazi za hospitali ni kumi na mbili, na ya mwisho imevunjika. Atakwambia anaiona. Upande wa kulia haioni. Kwenye korido ataanza kuwasalimia watu wote aliofanya nao kazi, kwa hiyo tokeni mapema, na usimharakishe.

Fomu watakazompa asaini, msomee neno kwa neno. Usifupishe.

Mpwa wako