Mchunga wa Dada Somoe

Mjukuu wangu na mke mwenzangu Mwajuma,

Asalaam aleikum. Huku Mbwara hatujambo, ufuta umeota vizuri na goti la babu yako limepoa. Umeniuliza kama anachokula mama anayenyonyesha humfikia mtoto, maana mwanao anakataa kila mboga.

Dada yangu Somoe alipenda mchunga, yale majani machungu ya porini. Alipokuwa akimnyonyesha Hamisi aliyala kila siku, na kwa kila tonge alifumba jicho la kushoto. Hamisi alipofika miezi mitano, Somoe alifariki. Ya msiba huo nayaacha. Nyumbani hakuna aliyepika tena mchunga.

Hamisi alikua akitema karibu kila chakula. Alipokaribia miaka mitatu, jirani alituletea bakuli la mchunga mchana. Mtoto akaunusa, akasogea, akaula kimya kama aliyekuwa akiusubiri. Kisha akafumba jicho la kushoto.

Upawa ulimtoka mama yetu mkononi.

"Nani amemfundisha?" aliniuliza.

"Hakuna, mama."

Nilihisi kwenye mkeka tumeongezeka mtu mmoja. Mama akapakua sahani nyingine, akaiweka kando ya Hamisi, mahali pasipokaa mtu, na hatukuigusa mpaka mtoto aliposhiba.

Mwanao bado ananyonya, basi wewe kula mboga zako taratibu, naye mpe aonje bila kumlazimisha. Kwamba maziwa yalibeba ladha, hilo nalielewa. Lile jicho ndilo silielewi hadi leo.

Nakuombea afya,
Bibi yako