Mafuta ya Cherehani kwenye Gitaa

Jumamosi usiku, Kunduchi

Kumbe nyuzi za gitaa hazipakwi mafuta. Mie ningejuaje? Chumvi ya huku inakula kila chuma. Cherehani yangu naipaka, nikaona na gitaa la mwanangu Neema nilisaidie.

Na leo ndiyo alikuwa anapimwa kama anafaa kupigia kwaya ya kanisa. Mwalimu wa kwaya akimkataa, mwanangu hachelewi kuacha kula.

Nilikaa benchi la nyuma kanisani. Gitaa likatoa sauti nzito, kama limevaa sweta. Neema akazungusha vile vya kuzungusha kwenye spika, akaongeza mwangwi, wapi. Vidole vinateleza. Mwisho akauzima mwangwi, akaacha kupiga kwa kucha, akapiga taratibu kwa nyama ya kidole gumba.

Mwalimu akafumba macho. Nikajua tumekwisha.

"Dada, sauti imetulia hiyo," akamwambia Neema. "Kesho kwenye ibada piga hivyohivyo."

Njiani Neema akanishika mkono. "Mama, sijui hata nimefanyaje. Kesho nikishindwa je?"

Nikamwambia ya mafuta. Akauachia mkono wangu, akatangulia nyumbani.

Sasa hivi kaniletea gitaa na kichupa cha mafuta ya cherehani. "Paka kama ulivyopaka, mama. Usizidishe."

Nimepaka. Sijui kama nimezidisha.