Mfereji wa Mlali na Kivinjari

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mlali hatujambo, na kabichi za babu yako zimefunga vizuri. Umeuliza nani ametengeneza kompyuta uliyotuachia, maana kivinjari, ile programu ya kuingilia mtandaoni, kilikuwa kinajifunga kila nikikifungua. Ni mimi, wala hakuja fundi! Nilikumbuka kwamba nikiwa msichana, maji ya mfereji wa kijiji yalikuwa yanapotea njiani. Baba alifunga michepuko yote ya kupeleka maji mashambani, akafungua mmoja mmoja. Alipofungua wetu, maji yakapungua; kumbe yalivujia shambani kwetu. Akawaita majirani, akasema, "Kosa ni langu." Siku hiyo nilitembea kifua mbele. Basi nami nikazima nyongeza zote za kivinjari, vile viprogramu vidogo vya kukiongezea kazi, nikawasha moja moja. Iliyokuwa inakifunga ni ile ya kupakua nyimbo za kwaya, na niliiweka mwenyewe. Kosa ni langu.

Bibi yako, fundi