Nimemwona Petro Kwa Wachina

Berea, Durban
Jumanne

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Baba Esta wa Kasulu, tunasali naye kanisa moja huku. Akishakukabidhi mpe chai, halafu wewe ingia chumbani, vaa miwani, uisome mwenyewe. Usimpe Shangazi akusomee. Ningeweza kupiga simu, lakini simu yako unaipokelea barazani na spika umeifungulia mtaa mzima, na haya ninayotaka kukwambia si ya mtaa mzima.

Goti linaendeleaje? Na presha? Dawa unameza kila siku, au unameza siku kichwa kikiuma tu, kama ninavyokujua? Na usingizi je, unaupata sasa kitanda kikiwa cha mtu mmoja? Mimi huku nipo. Sisemi mzima sana, ila nipo. Miguu inavimba kwa kusimama saluni kutwa. Baridi ya mwaka huu imekuja na mvua, na ukuta wa chumba chetu unatoa maji, nguo hazikauki. Wiki mbili zilizopita tulisikia kuna watu wanaandamana mjini kwamba wageni waondoke, basi tukashusha geti nusu tukawa tunasuka watu gizani. Mama Furaha, yule Mkongo mwenye saluni, aliweka kiti chake mlangoni akasema, "Miye siko naenda fasi yoyote. Kichwa ya mtu iko nusu, nitamuacha namna gani?" Tulicheka, tukaendelea kusuka.

Sasa habari yenyewe: nimemwona Petro. Tulia kwanza, Mama. Yu hai, ana mikono na miguu yote. Lakini siwezi kukwambia kwamba ni mzima.

Uliponipigia siku ya tatu baada ya kumzika Baba, ulinipa kazi moja tu. Ulisema, mtafute mdogo wako, mwambie baba yake kabla hajakata roho alilifuta lile neno, na radhi amemwachia. Neno lenyewe sina haja ya kukukumbusha, wewe ndiye uliyekuwa umeshika mwiko. Petro alimjibu Baba wakati wa kula kwamba chakula chenyewe kinaletwa na Mama, Baba mwenyewe miezi yote hana kazi. Na Baba akamwambia, "Basi usile tena ndani ya nyumba hii mpaka nife." Mtoto akalirudisha tonge kwenye sahani, akainuka. Hakusimama mpaka alipofika mlangoni kwangu Durban.

Nikaanza kumtafuta, na pa kuanzia sikuwa napo. Unajua tuligombana miaka miwili iliyopita, nilipomwambia ampigie Baba simu akakataa, nami nikamtolea maneno mabaya. Alihama kwangu na namba akabadilisha. Niliuliza kanisani. Niliuliza kwa Wakongo wa maduka ya simu. Nilikwenda mpaka Isipingo, kule kwenye stendi ambako Warundi wanauza nguo, nikawaonyesha picha, wakatikisa vichwa. Nikarudi nimenuna. Ndipo nikajiambia, wewe Yusta una akili kweli? Mlafi yule unamtafuta kanisani? Mtafute penye chakula.

Hili hulijui, lakini mwanao alipokuwa anakaa kwangu ndiye aliyenifundisha kula kwa Wachina. Ni mtaa wa chini mjini, nyuma ya maduka yao ya jumla ya mablanketi na mabeseni, na kila Jumatatu, siku yangu ya kupumzika, alikuwa ananikokota huko. Mimi nilikuwa naogopa, nilisikia eti wanakula nyoka. Alinicheka mpaka akakaa chini. "Dada, nyoka ni ghali bwana, sisi watatupa kuku." Alikuwa na sehemu zake tatu za watu wenye mfuko mwembamba, na kila moja ilikuwa na masharti yake. Nikasema nitazifuata hizo tatu, Jumatatu moja sehemu moja, na nitakula, maana huwezi kukaa kwenye meza ya mtu unauliza maswali bila kuagiza.

Ya kwanza ni kwa mama mmoja wa tambi. Unapita katikati ya duka la mabeseni, unasukuma pazia la plastiki, unakuta meza nne na mvuke. Huyo mama anavuta unga kwa mikono, anaukunja, anaupiga mezani, anauvuta tena, mpaka donge lote limekuwa nyuzi. Ungempenda, wewe na chapati zako. Sharti la Petro hapo lilikuwa usiende saa sita, nenda saa nane, supu imeshakaa na mifupa mpaka imekuwa nzito, na bei ni ileile, rand arobaini, bakuli usiloweza kulimaliza. Nikaenda saa nane, nikaonyesha picha. Kiingereza chake na changu havikutani, lakini Kizulu cha sokoni sote tunacho kidogo. Akaitazama, akacheka, akachora tumbo kubwa hewani kwa mikono. Halafu akaacha kucheka. "Akekho, sisi," akasema. Hayupo, dada. Akahesabu vidole kunionyesha ni miezi mingapi hajamwona. Nilikula nusu ya bakuli, na sikumbuki hata ladha yake.

Jumatatu iliyofuata, yaani jana, mvua haikukatika tangu asubuhi. Nikaenda ya pili, kwa mzee mmoja anayeuza mikate ya mvuke, ile myeupe ambayo ndani ina nyama na kabichi. Yuko ghorofa ya tatu kwenye jengo ambalo lifti yake imekufa. Petro alikuwa anasema usinunue mizima, subiri iliyopasuka ikiwa jikoni, anakupa minne kwa bei ya miwili, na tumboni yote inakwenda kupasuka tu. Nilipofika juu nilikuwa nahema. Mzee akaitazama picha akaniuliza mimi ni nani wake. Nikamwambia, ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Akanivutia ndoo nikae. Akanieleza kwamba Petro alikuwa anambebea magunia ya unga, na siku moja akaketi katikati ya ngazi, akashindwa kumalizia. "Hataki kula," mzee akasema. "Nampa mkate, anashukuru, anauweka mfukoni. Halafu nasikia amempa mlinzi wa chini." Akaniambia anaosha vyombo kwenye mgahawa wa kona, ukishavuka robot. Robot ni taa za barabarani, Mama, huku ndivyo wanavyoziita.

Sikungoja Jumatatu nyingine. Nilivuka taa ikiwa nyekundu, nikatukanwa na madereva, nikaingia.

Mgahawa huo ndio ulikuwa sehemu yake ya tatu, na alikuwa anausifu kuliko yote. Vyakula vimepangwa kwenye masinia ya chuma nyuma ya kioo, unachagua vitatu, na wali unajaziwa mpaka wewe mwenyewe useme basi. Wana samaki mzima wa kukaanga, na kichwa chake, na tangawizi nyingi. Petro alikuwa anasema ndio samaki pekee Durban hii anayekaribiana na wa kwetu. Nikaagiza huyo samaki. Nikakaa naangalia mlango wa jikoni.

Akatoka amebeba sahani zimepandana mpaka kidevuni. Mama, uso sikuutambua. Niliutambua mwendo, ule wa Baba wa kutupa mguu wa kushoto. Shingo imebaki mishipa mitupu. Suruali ameifunga kwa kamba. Yule Petro aliyekuwa anakomba sufuria baada ya sisi sote kushiba!

Akaniona. Akaziweka sahani chini polepole.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Njoo ukae."

"Niko kazini."

"Nimesema njoo ukae, Petro."

Mwenye mgahawa akatuangalia wote wawili, akampa ishara ya kichwa. Akakaa.

Nilidhani nimempelekea msiba. Kumbe alikuwa nao tayari. Mtu wa Ujiji alikutana naye barabarani akampa pole akidhani anajua. Pole ya baba yake mzazi aliipokelea barabarani, jamani, amebeba ndoo ya maganda ya vitunguu. Nililia palepale, sikujali watu. Yeye hakulia. Nikamsogezea sahani nikamwambia kula kwanza, tutaongea.

"Dada, alisema mpaka nife," akaniambia. "Sasa amekufa, mimi nimepewa ruhusa. Kila nikitia kitu mdomoni naona nakula kifo chake. Halishuki tonge. Nimejaribu, usidhani sijajaribu."

Chai na uji mwepesi, ndivyo vinavyomweka hai tangu asikie.

Basi nikampa maneno yako. Niliyasema kama ulivyonipa, sikuongeza wala kupunguza: lile neno amelifuta, na radhi amekuachia. Akaikunja mikono ndani ya aproni iliyolowa. Halafu uso ukaanza kufunguka. "Baba amesema hivyo?" Nikamwambia amesema. Akanyoosha mkono akamega samaki, kipande kidogo tu, akakishika kwenye vidole. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Akaniuliza, "Alikufaje?"

Na mimi na mdomo wangu huu nikamweleza. Nilitaka ajue Baba hakuteseka peke yake. Nikamweleza yote uliyonisimulia: kwamba kiharusi kilimwangusha Jumapili, mdomo ukaenda upande, na tangu siku hiyo hakutoa neno hata moja, wiki sita nzima, wewe unamnywesha uji kwa kijiko na unajua anachotaka kwa kumwangalia macho, mpaka alipotutoka. Nilieleza vizuri, nikaona nimefanya kazi nzuri.

Petro akakirudisha kile kipande kwenye sahani.

"Dada," akasema, "alisema kwa mdomo upi?"

Mama, sikuwahi kulifikiria. Nakwambia kweli. Uliponipa yale maneno nilikuwa nalia, nikayapokea, nikayabeba miezi yote hii Durban nzima bila kuyaangalia. Masikio yakapata moto. Na kabla sijajua ninasema nini, nikamwambia kwamba alfajiri ile ya mwisho ulimi ulimfunguka kidogo, ukiwa wewe peke yako naye.

"Mama amekwambia hivyo?"

"Ameniambia."

"Apa."

Nikaapa. Kwa jina la Mungu, mkono juu ya meza. Na wewe hujawahi kuniambia habari yoyote ya ulimi kufunguka.

Aliniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema, "Wewe ukinipenda unadanganya, tangu tukiwa wadogo. Lakini Mama hawezi kuandika uongo. Mwambie aniandikie, kwa mkono wake. Akiandika, nitakula." Akanifungia samaki kwenye mfuko, akachukua sahani zake, akarudi jikoni. Nilipanda Berea kwa miguu na mvua ile. Samaki niliwapa wenzangu wa chumbani, mimi sikuweza.

Tangu jana sijui nikukasirikie au nikupigie magoti. Labda alisema kwa macho. Wiki sita ulikuwa unayasoma yale macho, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeyajua, na mimi nani nikubishie? Labda ulikuwa na mume kitandani asiyeweza kusema na mwana huku asiyetaka kupiga simu, ukaona mtu wa kumaliza jambo hili ni wewe. Ningekuwa mimi, pengine ningefanya hivyohivyo. Sikuulizi, Mama. Ila nimeiona shingo yake, na najua mwili ule hauna akiba.

Nisalimie Shangazi Skola, umshukuru kwa kukubali kulala hapo nyumbani siku zote hizi, mwambie blauzi yake naitafuta. Mjomba Gervas anayeuliza siku ya kumaliza matanga, mwambie asubiri, mtoto wa kiume amepatikana. Nisalimie mama mkwe wangu, na jirani yetu fundi baiskeli aliyewaongoza vijana kuchimba kaburi, sijapata kumshukuru. Watoto wa baba mkubwa wote wasalimie kwa majina, mimi nikianza kuyataja karatasi itaisha.

Baba Esta anarudi huku baada ya wiki mbili na atapita kwako kwanza. Mpe karatasi moja tu, umtaje Petro kwa jina lake, uweke na sahihi yako. Kama Baba alisema, andika alivyosema. Kama hakusema, Mama, andika vilevile.

Ni mimi binti yako,
Yusta