Sensa Kubwa na Nafasi ya Hamed

Kiponda, Mji Mkongwe,
Unguja.
21 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Hamed,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na Ibtisam na Sleiman wenu, na kwamba joto limeanza kukupunguzieni. Mgongo wako unaendeleaje? Na kikohozi cha Sleiman kimemwacha? Mwambie mkeo asimnyweshe mtoto maji ya friji. Ampe tangawizi na asali, hizo dawa za chupa kila mara ni kumlaza tu.

Sisi huku hatujambo kwa uwezo wake Mola. Goti linaniuma nikipanda ngazi zetu, lakini ngazi hizo zimemuuma kila aliyekulia humu, sina la kulalamikia. Nyumba ndiyo imekuwa kubwa ghafla. Asubuhi bado nateremsha vikombe viwili, halafu kimoja nakirudisha kabatini.

Nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu kwenye simu huniachi nikamaliza. Nikisema Mama, wewe unasema lenzi. Nikisema hitima, wewe unaniambia bei zimeshuka. Karatasi huwezi kuikatiza maneno. Ubwa wa mama mdogo anasafiri Jumanne kwa biashara zake, atakukabidhi hii mkononi pamoja na bahasha ya picha. Picha usizitazame kwanza. Nakujua, na najua sasa hivi umeshaishika bahasha. Iweke chini usome.

Arobaini ya Mama tumeisoma Alhamisi, alhamdulillahi. Watu walijaa mpaka ngazini. Ami Muhiddin ndiye aliyeongoza, na sauti ilipomkatika wenzake wakampokea. Kila aliyeingia aliniuliza, Hamed kaja? Mwisho nikachoka kujibu, nikaenda zangu jikoni kukata vitunguu ambavyo hapana aliyevihitaji. Vilinisitiri.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza kama kamera hizi mpya zenye sensa kubwa zitazifuta hizi za fulfremu, za fremu kamili, tunazofanyia kazi mimi na wewe. Kisha, kabla sijajibu, ukaniambia umeshakata shauri: likizo ya Disemba hutokuja nyumbani, utabaki kazini uijue hiyo kamera kubwa kabla wenzako hawajakutangulia. Nitakujibu kama mpiga picha mwenzako kwanza, ya udada yatafuata.

Ile kamera uliyoniazimia kwa mwajiri wako niliiheshimu, sikufichi. Nilipofungua picha ya kwanza kwenye kompyuta nilisogeza kiti karibu. Nyuzi za kanga ungeweza kuzihesabu. Kivuli cha nyuma ya mlango wetu, ambacho kwenye kamera yangu hutoka cheusi tititi, mle kilikuwa na rangi zake zote: chokaa, unyevu, kutu ya bawaba. Mahoteli ya Nungwi na Bwejuu yanayotaka picha za kufunika ukuta mzima yatazipenda, na nasikia kila toleo linakuja jepesi na la haraka kuliko lililopita. Hapo hukukosea.

Lakini niliibeba pia kwenye harusi moja Mkunazini, upande wa wanawake, ambako mwanamume haingii na simu zote zinaachwa mlangoni, na ndiyo maana mimi nina riziki. Bi harusi alipokuwa amekaa na macho kayainamisha, alitoka malkia. Ngoma ilipopigwa, basi tena. Mashangazi wameinuka, mikono juu, chumba kimejaa vigelegele, na kamera yako bado inatafuta pua ya mtu wa kwanza. Hata hao iliyowapata sawasawa machoni, masikio yao yametoka ukungu. Nikairudisha begini, nikachukua kuukuu yangu nikaendelea na kazi. Na usiku ule kompyuta ilipokuwa inazimeza hizo picha ilinguruma kama mashine ya kusaga. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, Hamed.

Halafu hilo neno fulfremu, ukamilifu wake uko wapi? Unaikumbuka ile kamera ya Baba ya boksi, ya kuchungulia kwa juu, iliyotoa picha za mraba? Iko kabatini mpaka leo. Filamu yake ilikuwa pana kuliko hiyo sensa kubwa unayoikodolea macho. Filamu ndogo ya milimita thelathini na tano ilipoingia mjini, Baba aliiita filamu ya kuchezea watoto. Mwisho akaenda akainunua, kwa kuwa harusi haisimami ikamngojea mtu. Leo kipimo cha filamu ile ile ya watoto ndicho tunachokiita kamili. Kubwa lilikuwepo zamani, likapisha njia, na sasa linarudi na nguo mpya. Wenye kazi zake watalichukua. Sisi wa harusi na watu wasiotulia tutabaki na letu, na lenzi zetu tulizozichuma moja moja. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, haitakuwa hivyo, angalau si kwa maisha yangu na yako. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nilitaka niishie hapo nikunje karatasi. Lakini kuna habari ya siku niliyompiga Mama ile picha, na kwenye simu hukunipa nafasi ya kuisema.

Unakumbuka mwaka ule wa sensa ya watu, karani alipokuja kwetu, yule Mwalimu Tabia mpole wa watu. Mama alimkaribisha kwa chai, akamjibu kila kitu mpaka mambo ya choo. Kisha akamwambia, “Na mwanangu Hamed, muandike.” Mwalimu akauliza kama ulilala nyumbani usiku wa kuamkia siku ile. Mama akasema, “Kalala humu tangu nlipomzaa mpaka alipooa.” Mwalimu akamweleza kwa adabu kwamba anayehesabiwa ni yule aliyelala ndani usiku ule tu. Nilikusimulia wakati ule tukacheka pamoja. Mama hakucheka. Kila akikutana na Mwalimu Tabia sokoni akigeuza uso, na maskini yule mwanamke hajui mpaka leo alimkosea nini.

Basi siku uliyopiga simu kuniambia unaileta kamera, nilikuwa nakuna nazi, nimeweka sauti ya juu. Ulisema, “Dada, hii sensa kubwa hii, utaona mwenyewe tofauti.” Mama alikuwa chumbani, akayasikia. Kuanzia hapo akaanza kujitengeneza. Alitia hina. Alitoa doti mpya ya kanga akaifukiza udi. Mimi nikajua ni kwa ajili ya picha, nikafurahi. Kumbe alikuwa kamwambia Bi Rukaiya, jirani yetu, naye hakuniambia mpaka tulipokuwa tumeshazika: “Safari hii inakuja sensa kubwa. Hiyo inachukua na walio mbali. Hamed wangu anaandikwa.”

Ubwa alipoileta kamera, nilimkalisha Mama kwenye kochi la mbao la ukumbini, nikaisimamisha juu ya miguu yake mitatu. Mama akawa anatazama mlangoni.

“Karani yuko wapi?”

“Karani gani, Mama?”

“Wa sensa. Si mumesema sensa kubwa?”

Nilicheka, Hamed. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na Ubwa naye kaniunga mkono. Kisha nikauona uso wake. Nikapiga magoti mbele yake nikamweleza kwamba sensa ni kijikioo cha ndani ya kamera, kinachopokea mwanga, na cha hii ni kikubwa kuliko vya kamera nyengine. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Kwa hivyo Hamed haimchukui?”

“Haimchukui, Mama. Inamchukua aliye mbele yake.”

“Na ukubwa wote huo!” alisema.

Akasogea mpaka ukingoni mwa kochi, akaweka kiganja juu ya mto wa pembeni yake. Nikamwambia arudi katikati, picha itaelemea upande mmoja na mwengine utabaki mtupu. Akanijibu, “Si mtupu. Nnamuekea Hamed.” Nikapiga vivyo hivyo.

Hizo ndizo picha zilizomo kwenye bahasha. Ya kwanza ni hiyo. Ya pili niliipiga kwa kamera yangu baada ya pale, Mama ananigombeza kwamba kwa ajili ya mashine zetu chai yake imepoa. Imetikisika kidogo, mkono wake umetoka ukungu, mdomo uko wazi. Mimi ninayoiweka chini ya mto ni hiyo ya pili. Wewe chagua yako.

Ile kubwa ukiikuza sana utaona mto umebonyea chini ya kiganja chake. Alikuwa anaukandamiza, kama mtu anayemshikia mwenzake mahali mkekani pa chakula, mwenzake kaenda kunawa. Nililiona hilo baada ya Mama kutuondokea, nikaifunga kompyuta nikatoka nje.

Alifariki Jumamosi asubuhi na baada ya sala ya alasiri tulikuwa tumeshamzika. Wewe ulikuwa bado unatafuta ndege. Kwa hilo sikulaumu hata chembe, maiti hangojwi. Lakini ujue kwamba aliyeshuka kaburini kumpokea, mahali pa mwanawe wa kiume, alikuwa Ubwa, mtoto wa mama mdogo. Alirudi na udongo kwenye kanzu, akasimama mlangoni, hakuweza kuniangalia. Mimi mwanamke sikwenda mavani. Nilibaki ukumbini nikilitazama lile kochi.

Tangu siku hiyo wewe hujalia. Nakusikiliza kila ukipiga simu, unanimwagia megapikseli, na najua unachokifanya. Baba alipofiwa na mama yake alifua mapazia yote ya studio, akayaanika, akayafua tena. Hatukumkataza. Lakini Baba alifulia hapa, sisi tukimwona.

Jambo moja limenichoma na nitalisema. Ulisema utaichapisha picha ya Mama kwa ukubwa wa mlango uitundike mbele ya duka mnalofanyia kazi, ili wateja waone nguvu ya sensa kubwa. La, hasha. Mama aliyekuwa akivuta mtandio hata dirisha la jirani likifunguliwa! Mama si kielelezo cha bidhaa. Itundike chumbani kwako, muitazame wewe na mkeo na mwanao, yatosha. Nimekasirika nikiandika hapa, utauona wino.

Na lile la mwisho ulilolisema kabla hujakata simu, kwamba Mama hayupo tena, sasa utamjia nani. Hilo nalijibu leo. Nipo mimi, Hamed. Nipo mimi kwenye nyumba hii na kikombe cha pili. Nimekuwa mtu mzima, nimezoea kuombwa kuliko kuomba, lakini hili naomba.

Ami Muhiddin anakusalimu sana na anasema usiache kumsomea Mama Yasini kila Ijumaa. Bi Rukaiya naye anakusalimu, na anauliza kama Sleiman ameanza kusema Kiswahili au mnamwachia Kiarabu kitupu. Nisalimie Ibtisam, mwambie namshukuru kwa kunipigia kila jioni zile siku za msiba bila kutafuta la kusema. Sleiman mbusu kwenye paji la uso, pale pale Mama alipokuwa akikubusu wewe.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi na akulainishe moyo. Na Mama yetu amjaalie kaburi lenye nafasi na nuru. Amin.

Kochi sijalisogeza, na ule mto sijaukung’uta. Njoo Disemba. Kamera usilete, kubwa wala ndogo. Njoo ulale humu ndani usiku mmoja tu, uhesabiwe.

Dada yako akupendaye, anayekushikia mahali,

Tamima